Mathenge wa Mto Tana na Adui Aliyeachwa Kwao

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Garissa hupita Thika, kisha Mwingi, na baada ya mwendo wa kilomita 370 hivi huona ya kuwa nchi imebadilika kabisa. Vilima vya Ukambani vimebaki nyuma, ardhi imekuwa tambarare na nyekundu, na joto limezidi. Kisha kwa ghafula huonekana ukanda wa kijani ukiikata nchi kavu kama mkanda wa nguo. Huo ndio Mto Tana, mto mrefu kupita yote ya Kenya, uletao maji ya Mlima Kenya na ya milima ya Nyandarua mpaka baharini kule Kipini. Hapo penye daraja ndipo ulipo mji wa Garissa, uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka mwaka 2013, na ambao tangu hapo ni makao ya serikali ya kaunti.

Mji huu husifiwa kwa soko lake la mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia huswagwa kutoka mbali, na wachuuzi huwapakia katika malori kuwapeleka Nairobi na Mombasa. Walakini Garissa si mji wa wafugaji peke yao. Kando ya mto, juu na chini ya daraja, yako mashamba ya ndizi, maembe, mapapai, matikiti na nyanya, yanyweshwayo kwa mashine za kuvuta maji. Wafugaji wa Kisomali, na wakulima wa Kimunyoyaya, Kimalakote na Kipokomo waliokaa kandokando ya Tana tangu zamani, wote huutegemea mto mmoja. Mkulima anautaka mto kwa ajili ya shamba lake. Mfugaji anataka njia ya kuyafikia maji. Njia hizo huitwa malka, na kila mtu wa Tana ajua ya kuwa malka ikizibwa, amani nayo huzibwa.

Mgeni akiutazama ule ukanda wa kijani hudhani ya kuwa neema imejaa. Wenyeji hawadhani hivyo. Sehemu kubwa ya kijani kile si migunga wala mikoma ya asili, bali ni mti mmoja wa kigeni, wenye matawi yaliyosongamana, miiba mikali, na maganda ya manjano yaning'iniayo kama ya maharagwe. Wataalamu huuita Prosopis juliflora. Wakenya huuita mathenge, Waturkana husema etirae, na Wasomali wengi huuita garanwaa, maana yake ni kitu kisichojulikana. Jina hilo la Kisomali limebeba hadithi nzima: mti ulikuja ukaenea, kabla watu hawajajua ni mti gani.

Kwao mathenge ni Mexico, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini. Habari za kwanza zilizoandikwa za kupandwa kwake Kenya ni za mwaka 1973, katika machimbo ya mawe ya Bamburi karibu na Mombasa, ambako ulitakiwa uyafunike mashimo yaliyoachwa wazi. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo, Turkana na kando ya Tana, hasa penye mradi wa umwagiliaji wa Bura, ambako maelfu ya watu walihitaji kuni. Haifai kuwalaumu bure wale walioupanda. Nchi ilikuwa imepatwa na ukame mkali, mchanga ulikuwa ukipeperushwa na upepo, na wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Ukatokea mti usioogopa jua, ukuao upesi, utoao kivuli, kuni, nguzo na maganda ya kulisha mifugo. Ni nani angeukataa?

Ila mti huo ulikuwa na siri yake. Ganda la mathenge ni tamu kwa sukari, na mbuzi, ng'ombe na ngamia hulipenda sana. Mbegu zilizomo ndani ni ngumu. Hupita tumboni mwa mnyama bila kusagika, kisha huangushwa pamoja na mavi, ambayo ni mbolea yake ya kwanza. Kwa hiyo mfugaji ahamishaye wanyama wake kutafuta malisho huwa mpandaji wa mathenge pasipo kujua. Maji nayo yalifanya kazi hiyo. Mafuriko makubwa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yalizichukua mbegu na kuzitawanya mabondeni. Maji yalipopungua, miche iliota mahali ambapo haikupandwa na mtu yeyote.

Hasara zake zajulikana na kila mwenye mifugo. Chini ya kichaka cha mathenge nyasi haziendelei, na mahali palipokuwa malisho ya kiangazi hugeuka kuwa ukuta wa miiba. Mwiba wake hutoboa gurudumu la gari, na ukimchoma mtu au mnyama, jeraha huvimba na kukawia kupona. Mbuzi aliyekula maganda siku nyingi huozwa meno na ile sukari. Meno yakisha kung'oka hawezi tena kula majani, na hufa kwa njaa hali malisho yapo mbele yake. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, na wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa ni gugu baya kwa mujibu wa sheria. Katika nchi ya Waafar huko Ethiopia, mti huo umetwaa zaidi ya hekta milioni 1 kwa muda wa miaka 35 hivi.

Kando ya Tana hasara hiyo ina uzito wa pekee. Mathenge hupenda mahali penye maji karibu, yaani ukingo wa mto na mabonde. Na huko ndiko zilikopita malka. Njia ikisongwa na miiba, wanyama hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita katikati ya shamba la mtu. Migomba ikikanyagwa, ugomvi huanza. Baraza huitishwa, mwenye shamba humlaumu mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe humlaumu mwenye shamba. Mshtakiwa wa tatu, aliye mkubwa kuwapita wote wawili, amesimama nje amejaa majani.

Wengi wamejaribu kuukata. Shoka huuangusha, lakini kisiki kilichoachwa juu ya ardhi hutoa machipukizi mengi, na mti mmoja huwa kichaka. Ni lazima kuukata chini ya uso wa ardhi, mahali machipukizi yanapoanzia, na hiyo ni kazi ya kuchosha sana. Mizizi yake nayo haifikiki: huko Arizona, Marekani, wachimba madini waliukuta mzizi wa ndugu yake mathenge umeshuka zaidi ya mita 50. Tena mbegu zilizolala udongoni huweza kungoja miaka mingi. Mtu asafishaye ekari moja asirudi kuitazama, ameutengenezea mathenge kitalu.

Basi nguvu hizi zatoka wapi? Huko kwao mathenge haukuwa mtawala. Walikuwako fukusi wa aina nyingi waliozila mbegu zake, viwavi waliokula majani yake, na wadudu wengine waliofyonza utomvu wake. Mbegu zilipopakiwa kuletwa Afrika, wadudu hao hawakupakiwa. Mti ukafika katika nchi ambayo kila kiumbe kilikuwa mgeni kwake: mbuzi aliujua kwa utamu wa ganda tu, na hakuna mdudu aliyeujua kwa kuudhuru sana. Mathenge ni kama mtu aliyehama akawaacha wadai wake wote nyuma.

Habari za sisimizi wa moto zafaa kusimuliwa hapa, maana mdudu na mti hufuata kanuni moja. Sisimizi hawa si siafu wa Afrika, wala si maji moto wa minazi ya pwani. Kwao ni Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1930 waliingia Marekani kwa njia ya bandari ya Mobile, katika jimbo la Alabama. Huko walikotoka wana maadui wengi, na mmojawapo ni inzi mdogo sana, ambaye jike lake humchoma sisimizi na kutaga yai mwilini mwake. Funza atokaye katika yai hilo huhamia kichwani, akala vilivyomo, hata kichwa kikaanguka. Huko Marekani inzi huyo hakuwako. Sisimizi wakaenea katika majimbo ya kusini, wakiwauma watu na ndama, na kuwafukuza sisimizi wa kienyeji. Serikali ilinyunyiza sumu kwa miaka mingi katika mamilioni ya ekari; sumu iliua viumbe vingine vingi, na sisimizi wakarudi.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wakawaleta wale inzi kutoka Amerika ya Kusini na kuwafungulia huko Florida na katika majimbo mengine. Inzi hawakuwamaliza sisimizi, wala wenye maarifa hawakutazamia hivyo. Sisimizi amwonapo inzi huyo huacha kutafuta chakula akajificha, na kwa muda huo wadudu wa kienyeji hupata nafasi ya kula. Hata sisimizi wa moto ana upande wa faida, kwa kuwa katika mashamba ya miwa na pamba huwala wadudu waharibifu. Kwa hiyo swali halikuwa jinsi ya kumfuta duniani, bali jinsi ya kumrudishia adui wake ili asizidi kiasi.

Kenya nayo ina mfano wake wa zamani. Katika mwaka 1923 vidudu vyeupe vyenye unga, viitwavyo vidung'ata, vilionekana katika kahawa karibu na Thika, kisha vikaenea mashambani. Sisimizi wadogo walivilinda kwa sababu ya maji matamu vinayotoa, na wakulima walilazimika kupaka grisi kuzunguka shina la kila mti ili sisimizi wasipande. Adui wa vidudu hivyo alitafutwa miaka mingi katika nchi za mbali, kwa kuwa vidudu vilikuwa vimepewa jina lisilo lao na kudhaniwa kuwa ni wa aina nyingine. Ilipojulikana ya kuwa kwao ni karibu, nyigu wadogo waliletwa kutoka Uganda mwaka 1938, na maradhi hayo ya kahawa yakapungua sana. Somo lake ni wazi: asiyemjua mgeni kwa jina lake la kweli hawezi kumjua adui yake.

Mfano wa karibu zaidi uko Laikipia. Huko mpungate wa kigeni uliharibu malisho na kuwadhuru wanyama kwa miiba yake midogo. Tangu mwaka 2014 mdudu mdogo, ajifunikaye kwa utando mweupe kama pamba, amefunguliwa katika mipungate hiyo. Huifyonza utomvu hata ikanyauka, wala haigusi mimea mingine ya malisho. Wafugaji waliofundishwa waliweza kubeba vipande vyenye wadudu na kuvipeleka wenyewe mahali ambako wadudu hawajafika.

Na mathenge je? Adui zake wamekwisha kujaribiwa katika nchi nyingine. Afrika ya Kusini ilimfungulia fukusi wa mbegu mwaka 1987. Jike hutaga mayai juu ya ganda, na buu hujipenyeza katika mbegu akaila yote ya ndani, akitoka huacha tundu la mviringo. Fukusi huyu hali jani wala mti, na alichaguliwa kwa sababu hiyo, maana wakulima wa huko walitaka kivuli na maganda, wala hawakutaka mti ufe. Walakini kazi yake ilikuwa na kasoro. Mifugo huyala maganda mapema, kabla fukusi hajapata wakati wa kutaga, na mbegu hupita zikiwa nzima. Penye wanyama wengi, kama ilivyo Garissa, kasoro hiyo yaweza kuwa kubwa.

Australia ilikwenda mbele zaidi. Katika mwaka 1998 ilimfungulia nondo mdogo aliyetoka Argentina, ambaye kiwavi wake huyashona majani ya mathenge kwa uzi akajificha ndani na kuyala. Mti haufi, lakini hupoteza majani mara kwa mara, hukua polepole, na maganda yake hupungua. Nondo huyo alistawi vizuri katika sehemu zenye joto kali kama Pilbara. Afrika ya Kusini nayo ilimfungulia mwaka 2021, baada ya kuona ya kuwa fukusi peke yake hatoshi.

Mtu asikiaye habari hizi aweza kusema, basi mdudu huyo afunguliwe upesi Garissa. Haraka ya namna hiyo ndiyo iliyouleta mathenge wenyewe. Mwaka 1935 Australia ileile ilileta vyura wakubwa kutoka Hawaii ili wawale mbawakawa walioharibu miwa. Vyura hawakuwajali sana mbawakawa. Walizaana, wakaenea, na sumu iliyomo katika ngozi yao ikaua wanyama wengi wa porini waliowala. Chura hula kila kitu kiingiacho kinywani mwake, na kwa hiyo hakufaa. Mdudu afaaye ni yule alaye kitu kimoja tu, na akikikosa hufa.

Ndiyo sababu mdudu wa kigeni huwekwa kwanza katika nyumba iliyofungwa, kama kituo cha karantini cha KEPHIS kilichoko Muguga, na kupewa mimea mingine mmoja mmoja. Kwa nchi ya Kaskazini Mashariki mimea ya kujaribiwa mbele ya yote ni migunga ya aina zote, kwa kuwa migunga ni ya jamaa moja na mathenge, nayo ndiyo chakula cha ngamia na twiga, ndiyo boma na ndiyo kivuli. Mdudu akionja mgunga na kuupenda, hafai, hata awe mkali namna gani juu ya mathenge.

Liko jambo la pili, gumu kuliko la kwanza. Mathenge una marafiki. Wako watu Garissa wanaopata riziki kwa makaa yake, ambayo huwaka vizuri. Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 kwa wakimbizi kutoka Somalia, kuni ni haja ya kila siku, na tawi la mathenge lililokatwa huokoa tawi la mti wa asili. Wafugaji wa nyuki hupenda maua yake. Basi nondo akila majani, mchoma makaa aweza kulalamika. Nondo asipofunguliwa, mfugaji wa malka atazidi kusongwa. Hawa wote wawili ni majirani, pengine ni watu wa boma moja. Mdudu akisha kuruka harudishwi, wala hasimami penye mpaka wa shamba la mtu. Kwa hiyo uamuzi huo hauwezi kufanywa na ofisi peke yake. Wapaswa kusemwa katika mabaraza ya Balambala, Fafi na Ijara, na ng'ambo ya mto katika Kaunti ya Tana River pia, mbele ya wafugaji, wakulima, wachoma makaa na wanawake watafutao kuni.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mathenge umekaa Kenya zaidi ya miaka 50, nao haujashikishwa jembe ipasavyo. Jembe lake lajulikana. Maganda yakikusanywa na kusagwa pamoja na mbegu zake, mbegu hufa na unga huwa chakula chema cha mifugo, kikichanganywa na majani na kutolewa kwa kiasi. Taasisi ya utafiti wa misitu, yaani KEFRI, imefundisha kazi hiyo katika sehemu mbalimbali. Gunia moja la maganda yaliyosagwa ni maelfu ya miche isiyoota. Tena ni vema wanyama waliokula maganda wafungiwe bomani siku chache kabla ya kuhamishwa kwenda malisho safi, ili mbegu ziangukie mahali ambapo zaweza kufagiliwa na kuchomwa. Miche midogo ing'olewe kwa mikono baada ya mvua, wakati mzizi haujashuka. Na penye malka, mathenge ukatwe chini ya ardhi, nyasi zipandwe mara moja, na watu wa pande mbili za mto wapeane zamu ya kuitazama.

Mdudu akiletwa, atakuja kuisaidia kazi hiyo, hatakuja badala yake. Fukusi hupunguza mbegu, nondo hupunguza majani, lakini hakuna mdudu afunguaye njia iliyokwisha kuzibwa na miti mikubwa. Hiyo ni kazi ya shoka na ya watu. Mahali ambapo watu wameshika malka yao wazi, mdudu atawapunguzia jasho la mwaka ujao. Mahali ambapo wamekaa kumngoja, atazikuta mbegu nyingi kuliko awezavyo kula, na mto utakuwa umekwisha kufungwa.